Ulilitumia Jina Langu Kumchukua Nkuba

Zahanati ya Kijiji,
Kupitia Bisibo, Biharamulo.
Jumatano.

Mpendwa kaka Deogratias,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba huku unacheka, kwa sababu bado hujui nimekuandikia nini. Itikia tu. Shikamoo ya mdogo kwa mkubwa haizuiliwi, hata siku ambayo moyo wa mdogo umechafuka.

Mama hajambo? Kile kifua kinachombana wakati wa baridi kimemwachia, au bado anakohoa na kusema ni moshi wa jikoni? Wifi Domitila jino lake liling'olewa? Na ile migomba iliyoangushwa na upepo imechipua tena? Sisi huku miili ni mizima. Mpwa wako Koleta ameanza kusimama kwa kushika kigoda, halafu anakaa chini kwa kishindo na kututazama kama sisi ndio tuliomwangusha. Sabuni imeadimika tena, tunafulia majani ya mpapai, na shuka za zahanati zimekuwa na rangi ambayo hata sijui niiteje. Mihogo ya shamba la kijiji imekubali. Kwa chakula hatulalamiki.

Basi, salamu zimetosha. Sasa nikuulize, kaka. Umenifanyia nini?

Wewe ndiye uliyenitia huu ugonjwa wa mpira. Pale kwetu Nyamiaga, Ngara, nyuma ya kanisa, tulikuwa tunasokota mipira ya majani makavu ya migomba na kuifunga kamba mpaka vidole vinauma. Wenzako walisema mtoto wa kike hachezi. Ukauchukua mpira ukaubana kwapani, ukawaambia, "Perpetua akitoka, na mpira unatoka." Nikawekwa golini. Nilipasuka mdomo siku ile, na mama alitaka kukuchapa, nikadanganya kwamba nimeanguka kisimani. Kwa hiyo nilipohamishiwa huku kuwa nesi, na baadaye nikaolewa na Pankrasi, watu walishangaa kuona mke wa mtu anakwenda uwanjani kila Jumapili baada ya misa. Wewe pekee usingeshangaa.

Timu yetu ya kijiji hiki, Shime, unaijua. Ila kuna mambo niliyokusimulia juujuu tu, na leo nataka uyajue yote, ili uelewe ulichogusa.

Vita vilipoanza, malori yalikuja kuchukua mgambo. Nusu ya timu ilipanda siku moja, wengine bado na viatu vya mpira vimening'inia shingoni, maana walidhani huko kambini watacheza. Uwanja ukawa wa mbuzi. Kipa wetu hakurudi. Yule kijana mrefu aliyekuwa akicheza beki hakurudi. Gozbert, huyu ambaye kwa mguu wake wa kushoto wamempa jina la Nkuba, yaani radi, alirudi amebebwa mgongoni na mwenzake kutoka barabara kuu, goti lile lile la kushoto limefungwa bendeji iliyokuwa nyeusi kwa vumbi. Hospitalini walikuwa wametoa kipande cha chuma ndani ya goti. Walimwambia akiweza kutembea kwa fimbo amshukuru Mungu.

Mama yake ni mjane, na Gozbert ndiye mwanawe pekee. Kijiji kikakaa, kikasema shamba la Gozbert litalimwa na wote mpaka apone. Likalimwa. Hata wazee waliokuwa wanatoroka zamu ya shamba la kijiji, kwa Gozbert walikuja na majembe yao. Na mimi nikapewa goti. Nililisafisha kila siku. Dawa ilipokwisha nilichemsha maji ya chumvi, na wakati ule chumvi yenyewe tulikuwa tunaombana kijiko kwa kijiko. Kidonda kilipofunga ikaanza kazi ya kulikunja na kulinyoosha. Alilia kama mtoto. Alinitukana kwa Kisubi, lugha yao ya huku, mama yake akanitafsiria nusu, nusu akaiacha. Kisha tukaanza kuzunguka uwanja polepole, mimi upande mmoja, mama yake upande mwingine, na mbuzi wakitupisha.

Siku alipopiga mpira kwa mara ya kwanza haukwenda mbali. Ulijikokota kwenye nyasi ukasimama. Lakini wanawake waliokuwa wanatoka kuchota maji walitua ndoo wakapiga vigelegele, na mimi nililia mbele za watu, mimi ambaye nimezalisha na kuzika bila kutoa chozi.

Ndivyo timu ilivyofufuka, kaka. Timu ya vijana waliobaki na huyo mmoja mwenye kovu. Tulipowafunga watu wa mjini Biharamulo, wale waliozoea kutucheka eti tunacheza na majembe mgongoni, Gozbert alipandishwa juu ya dawati la shule akasema, "Mguu huu mmeulima ninyi, kama mlivyolima shamba langu. Ni mguu wa Shime." Watu waliimba mpaka wakakauka koo.

Halafu ukaja wewe kwenye ubatizo wa Koleta. Nilivyofurahi! Nilikukalisha kwenye kiti cha mwalimu kando ya uwanja, mimi nikakaa chini karibu na miguu yako kama zamani. Nilikuonyesha kila kitu. Gozbert alifunga bao lile la kuzungusha mpira nyuma ya beki, ukasimama, ukanishika bega. Kisha ukaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na goti lake, limepona kweli?"

Nikakujibu kwa majivuno. Nilisema, "Limepona hata daktari mkubwa angeshindwa kutaja ni goti lipi liliumia." Nikakueleza alivyokuwa hawezi kulikunja na sasa anachuchumaa. Ukaniuliza kama linavimba baada ya mchezo. Nikasema linavimba kidogo akikaa muda mrefu bila kulinyoosha, lakini kukimbia halimsumbui. Nilidhani naongea na kaka yangu. Kumbe naongea na katibu wa timu ya Ngara anayekagua ng'ombe mnadani, na mimi ndiye niliyemfungulia ng'ombe mdomo ahesabu meno.

Jioni ile ulisema unakwenda kunyoosha miguu. Nilikuoneni wewe na Gozbert mmesimama nyuma ya kanisa, umemwekea mkono begani. Nikamwita Pankrasi nikamwambia, "Mwone kaka, amempenda Nkuba wetu." Nilifurahi, Deo. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikafurahi.

Habari nimezipata dukani. Tulikuwa kwenye foleni ya mafuta ya taa, kijiji kizima kama unavyojua foleni zilivyo siku hizi. Akaingia dereva wa lori la pamba, mtu wa maneno mengi, akasema, "Ninyi wa Shime mmelala? Nkuba wenu anahamia Ngara. Ameshapewa ahadi ya kazi ya utarishi ofisini na chumba cha bati. Kapanga katibu wao, bwana Deogratias."

Hakuna aliyeuliza Deogratias ni nani. Walikula pilau ya ubatizo pamoja nawe. Waligeuka wote kunitazama mimi, na mama mmoja niliyemzalisha watoto wake akasema taratibu, "Kumbe ninyi Wahangaza wa Ngara ni wamoja." Niliweka chupa yangu chini. Nilitoka bila mafuta.

Tangu siku ile wanaokuja zahanati wanakuja kwa kulazimika. Wananyoosha mkono nichome sindano huku wanatazama ukuta. Hayo ningeyavumilia. Nilichoshindwa ni nyumbani. Pankrasi alirudi kutoka shamba, akanawa, akakaa. Kisha akaniuliza, "Mke wangu, ulijua?"

Nilimwambia, "Hata wewe?"

Akasema, "Nauliza tu."

Nikampakulia chakula chake, nikaenda kukaa nje na mtoto. Mtu ananijua ninavyolala na ninavyoamka, na ananiuliza kama nilijua. Hilo ni lako, kaka. Ulilileta wewe kwenye nyumba yangu.

Kesho yake nilikwenda kwa Gozbert. Mama yake alikuwa anaanika mihogo juu ya jabali. Aliniita "Perpetua, mwanangu," kama siku zote, lakini hakunitazama usoni. Gozbert alitoka ndani. Alikuwa amevaa shati safi, na nyuma yake nililiona sanduku la mbao wazi kitandani.

Nikamwambia, "Gozbert, mimi sikuja kukufunga kamba. Nimekuja unieleze kwa nini nimesikia dukani. Goti lako nimelishika mimi, na habari yako nimeisikia kwa dereva."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Dada, mbona unasema hivyo? Wewe si ndiye uliyekubali?"

"Nilikubali nini?"

"Kaka yako aliniambia nyuma ya kanisa. Alisema, 'Dada yako Perpetua ndiye aliyeniita nije nikuone. Yeye mwenyewe amesema huku umefika mwisho, nikuchukue. Ila usimuulize, ana aibu mbele ya watu wa mumewe.' Ndiyo maana sikukuuliza, dada. Nilidhani nakufichia siri."

Kaka, nilikaa chini pale pale, kando ya mihogo.

Ungemwambia Ngara kuna kazi. Ungemwambia kuna bati, kuna uwanja wenye nyavu, kuna viatu. Ni kweli, vipo. Angekwenda au angekataa, na mimi ningekasirika kama shabiki yeyote anavyokasirika, nikapoa. Lakini ulijua Gozbert hatatoka Shime bila mimi kumwambia nenda. Hilo ulilijua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikusimulia jinsi anavyonisikiliza. Basi ukanisemea. Ukanifunga mdomo hata kabla sijafungua, kwa kumwambia nina aibu.

Nilimwambia Gozbert kwamba sikusema hayo. Akawa anakwangua udongo kwa kisigino. Kisha akasema, "Basi sasa sijui."

Nikasema, "Sanduku lipo wazi, unasema hujui?"

Akaja juu. Akasema, "Dada, mliniuguza nitembee, au mliniuguza nichezee Shime? Mpira unakwisha. Goti hili unalijua kuliko mimi. Likikataa tena, nyie mtanilimia mpaka lini? Mama ataendelea kuanika mihogo mpaka lini?" Mama yake akamkemea kwa Kisubi, naye Gozbert akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi kuliko nilivyokwenda, kwa sababu nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Lakini siku ile ya dawati nilikuwepo. Hakuna aliyemshika ulimi aseme mguu ni wa Shime. Alisema mwenyewe, na sisi tukamwamini, na ukishaamini namna ile, mtu akikuambia baadaye kwamba mpira unakwisha, unaona kama amekuvua nguo.

Jumapili baada ya misa kukawa na mkutano wa kijiji. Unajua mtu hahami kijiji bila barua ya ruhusa. Gozbert aliiomba. Mwenyekiti ni mtu wa busara, lakini naye ni shabiki, na ushabiki ukiingia busara hutoka kwa mlango wa nyuma. Akasimama akasema, "Kumkatalia moja kwa moja kutaleta maneno wilayani. Lakini nesi wetu yupo hapa. Nesi akiandika kwamba goti halijapona, wa Ngara watamwacha wenyewe. Hakuna atakayeumia."

Watu wote wakageuka tena kunitazama, na safari hii macho yalikuwa yamelainika. Niliona kabisa, kaka. Kalamu moja tu, na ningerudishiwa kijiji changu. Ningesalimiwa njiani. Hata mama yule wa foleni alinisogelea akaniwekea mkono mgongoni.

Nikasimama. Nilisema, "Goti la Gozbert limepona. Nililiponya mimi hapa mbele yenu. Siwezi kuandika kwamba halijapona."

Wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema nyuma, "Si mnaona? Anamlindia kaka yake." Nilitaka kuondoka. Ndipo Pankrasi akasimama, yeye ambaye mikutanoni hufungua mdomo kupiga miayo tu. Akasema, "Mwaka jana nilijifanya naumwa mgongo siku ya zamu ya shamba la kijiji. Nikamwomba mke wangu aniandikie cheti. Alinipa jembe. Mtu aliyenikatalia mimi ndani ya nyumba yangu, mnataka awaandikie ninyi?" Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Kisha Pankrasi akasema, na hakucheka yeye, "Na hakujua. Mimi nilimuuliza, na nilikosea kumuuliza."

Sijawahi kumpenda mume wangu kama saa ile. Lakini tazama, kaka. Mtu wa kando ndiye aliyenisafisha jina, na mtu wa tumbo moja nami ndiye aliyelichafua.

Mwenyekiti ameandika ruhusa. Gozbert anayo mfukoni. Amecheza nasi mazoezi jana, na aliponipita hakunitazama, wala mimi sikumwita. Vijana wanampasia mpira kwa adabu, kama mgeni. Mama yake amesema yeye hatahama, Ngara ni baridi na hamjui mtu huko. Gozbert mwenyewe hajasema neno. Leo nimepita kwao kupeleka dawa ya macho ya mama yake, na sanduku bado liko wazi kitandani, nguo nusu ndani, nusu nje.

Sikuombi umwache. Timu yenu ni timu yenu, na kazi ya utarishi ni kazi, mtu mwenye goti kama lile anaihitaji. Ninachotaka ni kimoja, na sikuombi, nakudai. Umwandikie mwenyekiti wa kijiji kwa mkono wako, useme nilikuwa sijui, na kwamba maneno uliyomwambia Gozbert nyuma ya kanisa hayakutoka kinywani mwangu. Isomwe mkutanoni. Mpaka hapo, Noeli sitakuja. Mama akiuliza kwa nini, mwambie wewe. Mimi sitakudanganyia tena kwamba nilianguka kisimani.

Umsalimie mama sana, umwambie Koleta amechukua paji lake la uso. Umsalimie wifi Domitila, najua hahusiki, na kama anahusika usiniambie. Salamu kwa shangazi Veneranda aliyenilea nilipokuwa na surua, na kwa mjomba Kasiani wa katekisimu. Aniombee nipunguze hasira, ila asinihimize. Pankrasi anakusalimu. Alinyamaza kidogo kabla ya kusema nikusalimu, lakini alisema.

Lori la pamba linaondoka Jumamosi asubuhi. Gozbert ameahidi, kupitia kwa mama yake, kwamba atapita hapa zahanati aniambie kama anakwenda au anabaki. Akienda, nitamkabidhi barua hii akuletee mwenyewe. Akibaki, nitaitia posta. Kwa hiyo wewe umeshalijua jibu tangu ulipoipokea, na mimi ninayeandika bado silijui.

Ikiwa ni yeye amesimama mbele yako sasa hivi, mwache kwanza akae, mpe maji, na umnyooshee mguu wa kushoto juu ya kigoda, maana safari ya lori italivimbisha goti. Likandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Na Jumapili hii usimpange, hata wakikupigia kelele uwanja mzima.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,

Perpetua